Injini ya mapigo manne: tangu mlima wa Hakone hadi Bugarama

Barabara ya taifa namba 1 haimpi dereva nafasi ya kujiandaa. Ukiacha Bujumbura, mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika kwenye mita 774 hivi juu ya usawa wa bahari, unaanza kupanda mara moja, wala hupumziki mpaka Bugarama, penye zaidi ya mita 2,000. Mwendo wenyewe haufiki kilometa 40. Malori hunguruma kwa gia ya kwanza, vijana wa baiskeli wakiwa wameshikilia nyuma yake ili wavutwe bure, na katikati ya msongamano huo hupita pikipiki ndogo yenye dereva, abiria, katoni ya sabuni na fuko la ndagala. Haikimbii. Inapanda tu, kwa sauti ile ile tangu chini hadi juu.

Ndugu msomaji, kama wewe ni mfanyabiashara wa mpakani au umerudi kutoka Tanzania na sasa unafikiria kununua chombo cha kukulisha, sauti hiyo inakuhusu. Ni sauti ya injini ya mapigo manne. Mafundi waliosomea kwa Kifaransa huiita katre-tan, na ndugu zetu wa Kigoma husema foo stroki. Kazi anayoifanya kijana wa kupanda Bugarama, kwa lugha ya michezo, ni triali: kupandisha pikipiki nyepesi mahali pabaya bila kuanguka na bila kuzima. Huko Ulaya na Japani watu hupewa vikombe kwa kazi hiyo. Hapa kwetu hulipwa nauli.

Basi tuitazame injini hii imetoka wapi, maana anayejua asili ya mashine hadanganywi kirahisi dukani.

Mvua ya Hakone

Mwaka 1946, nchi ya Japani ikiwa bado imelala katika majivu ya vita, fundi mmoja aitwaye Soichiro Honda alikuwa akikusanya injini ndogo zilizobaki jeshini, zile za kuendeshea mitambo ya redio, na kuzifunga kwenye baiskeli. Watu walizigombea, kwa sababu treni zilijaa na mafuta yalikuwa haba. (Msomaji wa Bujumbura hahitaji kuelezwa mafuta haba ni kitu gani.) Kampuni yenyewe ya Honda iliandikishwa mwaka 1948. Mwaka uliofuata ilitoa pikipiki yake ya kwanza kamili, iliyoitwa Dream, yenye injini ya mapigo mawili. Ilitembea, lakini ilikuwa na moshi na kelele, na Honda mwenyewe hakuzipenda injini za aina hiyo.

Ndipo fundi kijana wa kiwandani, Kiyoshi Kawashima, alipopewa kazi ya kuchora injini ya mapigo manne ya cc 146. Ilipokamilika, haikujaribiwa kwenye uwanja tambarare. Tarehe 15 Julai 1951 waliipeleka kwenye njia ya mlima wa Hakone, mlima ambao wakati ule pikipiki nyingi za Japani zilikuwa zikichemka kabla ya kufika kileleni. Siku hiyo mvua ya dhoruba ilikuwa ikinyesha. Kawashima alipanda mwenyewe juu ya pikipiki aliyoichora, na nyuma yake walifuata Honda na mshirika wake wa mambo ya fedha, Takeo Fujisawa, wakiwa ndani ya gari. Gari liliachwa. Walipofika kileleni walimkuta Kawashima akiwangoja, amelowa chapachapa, na injini haikuwa imechemka. Kawashima huyo ndiye aliyekuja kushika uongozi wa kampuni nzima baada ya Honda kustaafu mwaka 1973.

Njia ya Hakone kileleni haifiki hata mita 900. Kwa mtu wa Bujumbura hiyo ni kama kutoka ziwani na kupanda kidogo tu. Lakini jambo lililothibitishwa siku ile ndilo lile lile linalotuhusu sisi: injini ndogo ya mapigo manne inaweza kupanda muda mrefu, imebeba mtu, bila kupumzishwa.

Mwaka 1958 kampuni hiyo ikatoa Super Cub, kipikipiki cha cc 50 ambacho hata mwenye duka la mkate angeweza kukiendesha kwa mkono mmoja. Hadi mwaka 2017 pikipiki za ukoo huo zilizokuwa zimetengenezwa duniani zilifika milioni 100. Hakuna chombo kingine cha moto kilichowahi kufikia idadi hiyo, gari wala pikipiki.

Mapigo mawili, mapigo manne

Mimi ni mwalimu, kwa hiyo niruhusiwe kushika chaki kidogo.

Injini ya mapigo manne hufanya kazi kwa hatua. Pistoni inashuka na kuvuta hewa na petroli. Inapanda na kuikandamiza. Plagi, ambayo huku tunaiita buji, inatoa cheche, moto unaisukuma pistoni chini, na hapo ndipo nguvu inapopatikana. Kisha pistoni inapanda tena na kusukuma moshi nje. Kila kazi ina nafasi yake, na valvu hufungua na kufunga milango kwa zamu.

Injini ya mapigo mawili hubana kazi hizo zote katika kupanda mara moja na kushuka mara moja. Kwa hiyo ni nyepesi, ina vifaa vichache na ni kali. Lakini kwa kuwa milango ya kuingilia na ya kutokea hubaki wazi kwa pamoja kwa kitambo, sehemu ya petroli hutoroka na moshi kabla ya kuungua. Na kwa kuwa haina oili ya kudumu chini ya pistoni, oili lazima ichanganywe na petroli, au iwekwe kwenye tangi lake dogo na kusukumwa kidogo kidogo. Oili hiyo huungua pamoja na mafuta, na ndiyo ule moshi wa buluu.

Wale tuliokulia katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, Katumba na Ulyankulu tunaukumbuka moshi huo. Bwana shamba alikuwa akija na pikipiki ya mapigo mawili, na sisi watoto tulijua amepita hata kama hatukumwona, maana harufu ilibaki njiani kwa dakika kadhaa. Zilikuwa pikipiki imara, tusizikosee heshima. Yamaha AG 100, iliyoundwa kwa ajili ya wakulima na wachungaji wa Australia na New Zealand, ilifanya kazi kubwa Afrika mikononi mwa waganga, mabwana shamba na mashirika ya misaada.

Tatizo lake huonekana hasa katika kushuka. Watu wengi hudhani mtihani wa pikipiki ni kupanda tu. Fikiria injini ya mapigo mawili inayopata oili kutoka katika petroli iliyochanganywa. Dereva anatoka Bugarama kuteremka Bujumbura, amefunga mafuta ili asikimbie, na pikipiki inajiteremkia yenyewe kwenye gia. Magurudumu yanaizungusha injini kwa kasi, lakini petroli inayoingia ni kidogo sana, kwa hiyo oili nayo ni kidogo sana. Pistoni inasugua chuma kikavu. Ikishika, gurudumu la nyuma linafunga papo hapo, katika kona, na bonde liko upande wa kulia. Aliyezoea hujua kufungua mafuta mara kwa mara wakati wa kushuka ili kuilainisha injini, au kushika klachi. Asiyezoea hujifunza kwa gharama.

Injini ya mapigo manne ina oili yake chini, inazunguka wakati wote, unapanda au unashuka. Tena ukifunga mafuta yenyewe inakuwa breki, inakushikilia. Kwa nchi ya vilima elfu kidogo kama yetu, faida hiyo peke yake inatosha.

Mchezo wa kupanda mawe

Sasa turudi kwenye triali. Mchezo huu ulizaliwa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Mashindano ya siku 6 ya Scotland yalianza mwaka 1909, na nia ilikuwa kuona ni pikipiki ipi inaweza kuvuka milima ya matope na mawe bila kuharibika. Baadaye ikawa sanaa. Mshindani hashindani kwa mwendo. Anapita katika vipande vya njia mbaya, mtoni, juu ya magogo, juu ya mawe makubwa, na kila akigusa ardhi kwa mguu anahesabiwa kosa. Mwenye makosa machache ndiye mshindi. Ukimwona mama wa Isare anavyovuka daraja la miti miwili akiwa na beseni la ndizi kichwani, umeuelewa mchezo huo.

Kwa miaka mingi triali ilikuwa ya pikipiki nzito za Kiingereza, za mapigo manne, za cc 350 na 500. Bingwa wao alikuwa Sammy Miller, mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini, aliyeshinda miaka na miaka juu ya Ariel. Kisha Miller akahamia kwa Wahispania wa Bultaco. Kampuni hiyo ilikuwa imeanzishwa mwaka 1958 na Francesc Xavier Bultó, baada ya kutoka katika kampuni ya Montesa ya Barcelona, ambayo yeye mwenyewe alishiriki kuiasisi pamoja na Pere Permanyer. Miller na Bultaco walitengeneza pikipiki ya cc 250, ya mapigo mawili, nyepesi. Mwaka 1965 alishinda nayo Scotland, na ule uzito wa Kiingereza ukawa umezikwa. Kuanzia hapo kila mtu alisema: ukitaka kupanda mawe, tafuta mapigo mawili.

Honda hawakukubali. Mwaka 1973 walitoa pikipiki ndogo ya triali, TL 125, ya mapigo manne. Haikuwa na nguvu nyingi, na mabingwa hawakuiogopa. Lakini ilikuwa mpole: ungeweza kuiendesha polepole kama mtu anayetembea, isizime, ivute tu. Miller mwenyewe akaajiriwa na Honda katika miaka hiyo ili awasaidie kuiendeleza kazi hiyo.

Matunda yalikuja kwa mkono wa Mbelgiji. Eddy Lejeune alitwaa ubingwa wa dunia wa triali mara 3 mfululizo, mwaka 1982, 1983 na 1984, juu ya Honda ya mapigo manne ya cc 360, wakati washindani wake walikuwa juu ya mapigo mawili. Wabelgiji walituachia mambo mengi ambayo bado tunabishana nayo, lakini huyu alitupa hoja nzuri ya kumjibu fundi anayesema mapigo manne ni mazito kwa milima.

Hoja hiyo ilithibitishwa tena baada ya miaka 20. Kampuni ya Montesa ilikuwa imeingia mikononi mwa Honda, na mwaka 2005 ikatoa Cota 4RT: mapigo manne, cc 250, kilo 70 na ushei, isiyo na kabureta bali mfumo wa kompyuta wa kunyunyiza mafuta. Kijana wa Kikatalani, Toni Bou, alipoipanda mwaka 2007 alichukua ubingwa wa dunia, na hakukosa taji hilo hata mwaka mmoja hadi 2024. Linganisha uzito huo na pikipiki zetu za kazi, ambazo huzidi kilo 100 kabla hujaweka abiria wala ndagala.

Ndugu wanaovuka mpaka

Msomaji atauliza: haya ya mabingwa yananihusu nini mimi ninayetafuta pikipiki ya kwenda Nyanza-Lac? Yanakuhusu kwa njia ya undugu.

Injini ile ya TL 125 ilikuwa na ndugu zake wa kazi, wakiwemo wa ukoo wa XL 125, ambao miaka ya 1980 na 1990 walionekana sana barani Afrika wakiwa na nembo za miradi ubavuni. Lakini wahandisi wa Honda waligundua jambo jingine lililowaumiza kichwa. Katika nchi maskini, wateja walikuwa wakizipakia pikipiki mizigo isiyopimika na kusahau kabisa kubadilisha oili. Injini yenye mtambo wa valvu juu ya silinda, unaozungushwa kwa mnyororo, haikuvumilia. Badala ya kuwalaumu wateja, wakachora injini nyingine, rahisi zaidi, ambayo valvu zake husukumwa na fito mbili za chuma kutoka chini. Hiyo ndiyo CG 125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976. Kwangu mimi huo ndio ufundi mkubwa kuliko ubingwa wa Lejeune, kwa sababu mhandisi alimsikiliza mtu asiyemwona.

Wachina waliinakili CG 125 bila kuchoka. Wale waliorudi kutoka Tanzania baada ya 2008 watazikumbuka Sanlg zilizojaa Kasulu, Kigoma na Tabora. Chini ya nembo hiyo, na nyingine nyingi zilizobadilika kila msimu, ilikuwa ni CG ile ile ya fito, nyingine imetengenezwa vizuri, nyingine kwa chuma cha kusikitisha. Ndiyo maana fundi wa kijijini anaweza kuifungua pikipiki ambayo hajawahi kuliona jina lake: anaijua tumboni.

Wahindi walipita njia nyingine. Hero, watengenezaji wa baiskeli, waliungana na Honda mwaka 1984, na mwaka 1985 wakatoa CD 100, yenye injini ya ukoo wa Super Cub. Bajaj, waliokuwa wakitengeneza Vespa kwa kibali cha Wataliano, walishirikiana na Kawasaki, na kutoka huko likaja jina la Boxer. TVS, familia iliyoanza na mabasi ya abiria kusini mwa India katika miaka ya 1910, ilishirikiana na Suzuki hadi walipoachana mwaka 2001. Hizi mbili za mwisho, Boxer na TVS, ndizo msomaji anazokutana nazo kila kona ya Bujumbura. Hakuna hata moja iliyoundwa kwa ajili ya triali. Lakini zote ni za somo lile la Hakone: mapigo manne, cc 100 au 125 au 150, nguvu ya chini ya kuvuta, na kiu ndogo.

Kiu ndogo hiyo imekuwa na thamani kubwa kuliko zamani. Mwezi Machi 2022 serikali iliziondoa taksi-moto, baiskeli na bajaji katikati ya jiji la Bujumbura, na vijana wengi wakalazimika kutafuta kazi pembezoni na vilimani, ambako njia ni mbaya zaidi. Kisha foleni za petroli za miaka iliyofuata ziliwafanya watu wavuke Gatumba kwenda Uvira na bidoni. Katika hali hiyo lita moja haikuwa ya kuchezea. Injini ya mapigo manne ya cc 100, ikitunzwa, hutembea kilometa 50 na zaidi kwa lita moja. Petroli ya bidoni nayo ina ugonjwa wake: ikiwa imechanganywa na maji au mafuta ya taa, kabureta ndilo la kwanza kulia. Chuja kwa kitambaa safi, uiache itulie, na usimimine ile ya chini kabisa.

Kabla ya kutoa faranga

Mtaa wa Buyenzi, unaojulikana kwa Kiswahili chake na kwa karakana zake, ndiko mahali pa kuisikiliza pikipiki iliyotumika kabla ya kuinunua. Mwombe muuzaji awashe injini ikiwa baridi, si baada ya yeye kuizungusha mtaani. Moshi wa buluu kutoka kwenye injini ya mapigo manne maana yake inakula oili yake yenyewe: ringi za pistoni au mihuri ya valvu imechoka. Mlio wa tiki-tiki juu ya silinda mara nyingi ni valvu zinazotaka kurekebishwa nafasi yake tu, kazi ya muda mfupi, kwa hiyo usikubali kutishwa nao wala usikubali muuzaji akuambie si kitu. Sikiliza zaidi mlio mzito wa chini. Huo ni wa krenki, na huo ni hasara.

Oili. Hapa ndipo wengi wanapoua pikipiki. Ndani ya tumbo la pikipiki hizi kuna oili kiasi cha lita moja tu, na hiyo moja hulainisha injini, gia na klachi kwa pamoja. Oili ya gari inaweza kuwa na dawa ya kulainisha kupita kiasi, nayo hufanya klachi iteleze mlimani. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA. Vitabu vya watengenezaji hutofautiana, lakini anayebeba mzigo mlimani asingoje zaidi ya kilometa 2,000 hivi kabla ya kuibadilisha, na kila Jumamosi achungulie kiwango chake.

Usishangae kwamba pikipiki yenye nguvu Gatumba inakuwa mvivu ukifika Bugarama. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini yenye kabureta hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Si ugonjwa, wala fundi asikuuzie kabureta jipya kwa sababu hiyo.

Kuna jambo moja ambalo wapanda triali hulifanya na ambalo mafundi wetu wanaliweza kwa bei ndogo: spoketi. Ukiweka ya nyuma yenye meno mengi zaidi, au ya mbele yenye jino moja pungufu, pikipiki inapoteza mwendo kwenye tambarare lakini inapanda kwa utulivu, na klachi haiungui. Anayefanya safari za Gatumba na Uvira, njia tambarare, aache ya kiwandani. Anayebeba watu kwenda Isare, Bugarama au Ijenda aongeze meno mawili au matatu, abadilishe na cheni siku hiyo hiyo, kwa kuwa cheni kuukuu juu ya spoketi mpya huila ndani ya wiki chache.